Taa Kumi Mbele ya Baba

Baba alifika chuoni Mikumi Ijumaa mchana, akitokea Zombo, kuja kunirudisha nyumbani. Hakuzunguka mbuyu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akasema, "Mama, miezi yote hii umejifunza nini? Nionyeshe. Kama hakuna, tunaondoka. Mpunga unatusubiri." Alikuwa amepitia kwanza kwa matroni, na begi langu lilishafungwa nyuma ya pikipiki. Yaani alikuja ameshaamua!

Hasira zilinipanda, lakini baba hajibiwi. Nikampeleka karakana. Mwalimu alikuwa ameenda msikitini. Kazi yangu ilikuwa mezani: ubao mweupe wa plastiki wenye matundu ya kuchomekea waya, taa nyekundu za LED kumi kwenye mstari, na aisii mbili, vile vidude vyeusi vyenye miguu ya chuma pande mbili. Moja inapiga mapigo, nyingine inayahesabu na kuwasha taa moja baada ya nyingine. Ndivyo ilivyotakiwa. Mimi, kwa kiherehere changu, nilikuwa nimeunganisha taa kwa kufuata miguu ya aisii ilivyopangana, bila kumuuliza mtu.

Nikachomeka betri. Lo! Taa zikarukaruka kama panzi. Ikawaka ya tatu, ikarudi ya pili, mara iko mbali huko, mara iko mwanzoni. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Imeharibika," nikasema, machozi yakinilenga. Nikanyoosha mkono nichomoe betri.

"Acha," baba akasema.

Akavua kofia yake ya pama, akakinga jua la dirishani, akainama. Baba yangu hajui kusoma. Ila ng'ombe wakirudi, yeye husimama mlangoni mwa zizi, na akikosekana mmoja anakuambia ni yupi, kwa sababu kila mmoja ana nafasi yake kwenye msafara. Alitazama kwa muda mrefu, midomo ikisema Kisukuma bila sauti.

"Hawajaharibika hawa," akasema. "Kila wakizunguka ni vilevile. Anatangulia huyu wa tatu, anafuata wa pili, halafu wa nne, halafu wa saba. Wewe ndiye umewasimamisha vibaya. Wahamishe."

Jamani! Nikachomoa betri. Yeye anataja, mimi nahamisha, taa kwa taa mpaka ya kumi. Nikarudisha betri. Mwanga ukatembea kutoka mwanzo hadi mwisho, ukaanza tena, haukuruka hata taa moja. Mwili wote ulinisisimka. Nimeshaona taa kubwa nyingi tangu siku ile, wala hakuna iliyonifanya hivyo. Sikujua nizishangae taa au nimshangae baba.

Mwalimu aliporudi, nikamweleza. Akatoa kabatini karatasi ya ile aisii inayohesabu, ambayo sikuwahi kuiona, akatusomea mpangilio wa miguu yake: wa tatu, wa pili, wa nne, wa saba. Akamwangalia baba. Baba hata hakuitazama karatasi. Bado alikuwa ameinama, kofia mkononi, anazihesabu taa zikipita.

"Wote wamo," akasema mwishowe.

Akavaa kofia yake, akamuaga mwalimu, akatoka. Nikamfuata mbio, maana hakuwa ameniambia kama nabaki au tunaondoka. Nilimkuta kwenye pikipiki, anafungua kamba ya begi langu.