Katambuga Mlangoni

Nyumba ya Mzee Lazaro Qamara iko Karatu mjini, nyuma ya mashine ya kusaga, uchochoro wa pili ukiacha barabara ya lami inayokwenda geti la Ngorongoro. Zamani mashine ile ilikuwa ya dizeli, ikimtemea moshi kwenye nguo zilizoanikwa. Siku hizi ni ya umeme. Moshi umekwisha, imebaki ngurumo tu, na ngurumo yenyewe Lazaro alishaizoea hata haisikii.

Nyumba aliijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, miaka ile alipokuwa dereva wa malori ya vitunguu ya Mang'ola, na aliijenga kwa akili za miaka ile. Vyumba vinne vya kupangisha vimesimama mstari mmoja, vikitazamana na vyumba vyake viwili. Ua katikati, bomba moja, choo kimoja pembeni, mita moja ya umeme, na swichi kubwa ukutani kwake mwenyewe, ndani ya sebule. Wakati ule mpangaji akipata sakafu ya saruji alimshukuru Mungu. Leo mpangaji anaingia, anatazama kushoto, anatazama kulia, anauliza: "Choo kiko wapi, mzee?" Ukimwonyesha kwa kidole kule pembeni, anakumbuka kuwa ana haraka.

Watu wakisikia una vyumba wanadhani umekaa unakula tu. Hawajui kwamba baba mwenye nyumba ndiye mtu mpweke kuliko wote katika ua. Wapangaji wanacheka bombani, yeye akitokea kicheko kinakatika. Wanapika pamoja, wanaazimana chumvi, wanasukana nywele, na yeye anaitwa pale tu bati linapovuja au choo kinapojaa. Mambo ya umeme ndiyo yaliyomharibia jina kabisa. Mita ikiwa moja, kila mtu humwona mwenzake ndiye anayepiga pasi usiku kucha, na ikifika siku ya kuchanga kila mtu mdomo mzito. Lazaro hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa akiingia sebuleni, anashusha swichi kubwa, anakaa kimya gizani mpaka wachange. Basi wakambandika jina, Mzee Swichi. Alilijua, akajitia hamnazo.

Marehemu mkewe, Dorkasi, ndiye aliyekuwa mwenye nyumba hasa. Yule mama aliweza kumgombeza mpangaji asubuhi, na mchana akamwita waje wachambue maharage pamoja. Dorkasi alipozikwa, ugomvi ulibaki, maharage yakaondoka. Watoto wao wawili wako mbali, mmoja Dodoma, mwingine Mwanza. Hupiga simu Jumapili baada ya ibada, humuuliza kama amekula, naye hujibu amekula.

Katika wapangaji wake wote, aliyemsumbua kuliko wote alikuwa Metui.

Metui alikuwa Mmasai wa Arash, mlinzi wa usiku katika loji moja juu ya mji. Alikuja na godoro, sanduku la bati na fimbo, akachukua chumba cha mwisho. Lazaro alifurahi. Mtu mmoja, hana mke hapa, usiku hayupo, mchana amelala, maji atatumia gani? Kumbe hakujua alichokikaribisha. Kwa Wamasai mtu wa rika lako si mgeni. Nyumba yako ni yake, anaingia na kulala, wala huulizwi wala huombwi ruhusa, na ukimkatalia jina lako limeoza mpaka Loliondo. Na ni nani katika rika la Metui hakuwa na shida ya Karatu? Huyu kaja mnadani, yule kamleta mtoto hospitali, mwingine anasubiri gari la Piyaya lililoharibika. Metui akienda lindo, chumba chake kinajaa.

Lazaro aligundua kwa viatu. Asubuhi moja alitoka na kikombe chake cha chai, akakuta mlangoni pa Metui katambuga zimepangana, zile ndara za tairi, pea juu ya pea. Alizihesabu. Kesho yake akazihesabu tena. Ikawa ndiyo kazi yake ya alfajiri, kuvuka ua na kikombe mkononi, kusimama mbele ya mlango ule na kuhesabu midomo ikimcheza, apate ushahidi. Kodi ni ya mtu mmoja, choo kinatumiwa na ukoo.

Wapangaji wengine wakaanza kulalamika. Emmanueli, kijana anayeendesha watalii, ndiye aliyekuwa msemaji wao. "Mzee, bomba ni moja na foleni kama ya hospitali. Sisi tunatoka saa kumi na moja kwenda kreta, tunaoga saa ngapi? Chagua, sisi au wao." Katarina wa saluni akaitikia kwa kichwa. Lazaro akachagua. Hesabu ilikuwa nyepesi, vyumba vitatu dhidi ya kimoja.

Alimweleza Metui palepale uani, amesimama. Alikuwa amejiandaa kwa mabishano, hata koo alishalisafisha. Metui hakubisha. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, baba. Nyumba ni yako." Mwisho wa mwezi akapakia godoro na sanduku kwenye bodaboda. Halafu akarudi, akasimama mbele ya Lazaro, akainamisha kichwa chake, kama wanavyofanya kwao mbele ya mkubwa, ili mkubwa amguse utosini. Lazaro alikuwa na kufuli mkono mmoja na funguo mkono mwingine. Alisema tu, "Haya, safari njema." Metui alikaa ameinama kitambo kidogo, kisha akainuka, akaenda zake. Hakuacha namba ya simu wala kusema anahamia wapi, na Lazaro hakuuliza.

Mtu angedhani ua ule sasa ungetulia. Ulitulia kupita kiasi. Kabla ya mwaka kwisha Emmanueli alipata chumba chenye choo ndani upande wa juu wa mji, akaondoka na madereva wenzake wawili waliokuwa wakishirikiana chumba cha jirani yake. Hawa ndio walioniambia nichague, aliwaza Lazaro akitazama begi la mwisho likitoka. Katarina akaposwa na mfanyabiashara wa vitunguu, akahamia Mang'ola. Madalali walileta watu kwa muda, kisha nao wakachoka. Masika yakaja, watalii wakaadimika, mji mzima ukawa na vyumba vitupu, na vya Lazaro vikawa vitupu kuliko vya wengine.

Hakuwa na njaa, tuseme ukweli. Alikuwa na shamba dogo la mbaazi Rhotia na wanawe walimkumbuka. Kilichomla ni ukimya. Bomba halikufunguliwa na mtu mwingine ila yeye. Alfajiri bado aliamka, akachemsha chai, akavuka ua na kikombe chake, akasimama mbele ya mlango wa mwisho. Saruji tupu. Alitamani kusikia mtu akikohoa tu ndani ya vile vyumba, mtu yeyote, hata mdaiwa, hata mpiga pasi.

Mwezi wa tano, alasiri moja ya baridi na manyunyu, geti likasukumwa bila hodi. Aliingia mwanamume wa makamo ya Metui, shuka mbili mabegani na fimbo mkononi, akavuka ua moja kwa moja kuelekea chumba cha mwisho. Alipomwona Lazaro barazani, akageuka, akaja akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

Safari hii mikono ya Lazaro ilikuwa mitupu. Aliweka kiganja juu ya kile kichwa kilicholowa manyunyu. "Marahaba," alisema, na sauti ikamtoka ya chini kuliko alivyotaka. Hakukumbuka mara ya mwisho alipomgusa mtu.

"Mimi Sairowua, wa Piyaya. Metui yupo?"

Jibu lilikuwa fupi na Lazaro alilijua. Metui hayupo, nilimtoa. Lakini mtu huyu akilisikia atageuka, atatoka, na geti litafungwa.

"Metui yuko kazini," alisema.

"Ah. Namsubiri basi. Kesho nina miadi ya macho hospitali, nitalala kwake." Akatazama kufuli mlangoni. "Amefunga?"

"Ufunguo aliniachia mimi," Lazaro akasema, na hilo lilikuwa kweli. Akafungua. Ndani mlikuwa na mkeka mkuukuu na harufu ya chumba kisichokaliwa. Sairowua alichungulia, akatazama pale ambapo godoro lingekuwa. Akakaa kizingitini, mgongo kwenye mwimo wa mlango, kama mtu anayepajua. Kisha akatoa simu ndogo kwenye mkunjo wa shuka.

"Imekufa tangu jana. Kule kwetu jua hakuna wiki nzima, sola imelala. Nisaidie kuichaji, baba, nimpigie nimwambie nimefika."

Lazaro aliipokea ile simu kana kwamba ni ya moto. Aliichomeka barazani kwake, kwenye soketi ya ukutani, akasimama akiitazama. Simu iliyokufa kabisa huchelewa kuamka, alijua hilo. Ikiamka, Metui atapigiwa, na Metui atasema ukweli, kwa sababu Metui hakuwa mtu wa uongo. Wakati alionao ni ule ambao simu itachukua kuamka.

Akapika chai, ya maziwa, tangawizi aliyoiponda kwa kisigino cha kisu. Alipeleka birika na vikombe viwili, akaketi kwenye ndoo iliyofudikizwa. Wakaongea mvua, wakaongea majani yalivyoota Piyaya, na bei ya mbuzi mnadani. Sairowua alikunywa kwa sauti, kama mtu aliye kwake. Lazaro alisikiliza ile sauti ya kunywa kwa raha asiyoweza kuieleza.

"Hapa nimeshalala," Sairowua akasema. "Nilimleta mama hospitali, tukalala humu wengi. Asubuhi nikachungulia dirishani nikakuona wewe, baba. Umesimama hapa mlangoni, unatazama viatu vyetu, midomo inacheza."

Lazaro akatazama ndani ya kikombe chake.

"Nikamuuliza Metui aliporudi lindo, yule mzee anafanya nini? Akaniambia, anatuangalia kama tuko wote. Unajua nyumbani, asubuhi mtu anasimama mlangoni pa boma ng'ombe wakitoka, anatazama kama kuna aliyepungua. Metui akasema, huyu mzee hawezi kunywa chai yake mpaka ajue watu wake wameamka salama." Akacheka kidogo. "Piyaya tunakujua. Ukienda Karatu, wanasema, yupo baba mmoja pale, ukilala kwake hutapotea."

Mzee wa watu alikaa pale, chai ikipoa mkononi. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Alikuwa akihesabu apate la kumfukuzia mtu, na yule mtu, kwa macho yake ya mchungaji, aliona malezi. Tena Metui alifukuzwa bado akiamini hivyo, au hakuamini tena lakini hakwenda kumchafulia jina nyumbani. Chini ya aibu kulikuwa na kitu kingine kilichomuuma zaidi. Alimwonea wivu yule mzee ambaye watu wa Piyaya wanamjua. Alitamani angekuwa ni yeye.

"Simu itakuwa tayari?" Sairowua akauliza, akinyoosha shingo kuelekea barazani. Kioo kilikuwa kimeanza kuonyesha ile picha ya betri, ikijaa na kuisha, ikijaa na kuisha.

"Ngoja nilete sukari," Lazaro akasema.

Aliingia sebuleni. Sukari ilikuwa mezani, hakuigusa. Alinyoosha mkono ukutani, pahali ambapo mkono wake ungefika hata akiwa usingizini, akashusha swichi kubwa. Kwa mara ya kwanza maishani alizima umeme ili mtu abaki. Alisimama kidogo pale kwenye kiza cha alasiri, kama mwizi.

Alipotoka, kioo cha simu kilikuwa cheusi.

"Umeme umekatika," akasema. "Karatu ndivyo tulivyo. Wakikata leo, mpaka kesho."

Sairowua akainua kichwa, akasikiliza. Hapo ndipo Lazaro, baada ya miaka mingi, akaisikia ile mashine ya kusaga nyuma ya ukuta. Ilikuwa inanguruma kwa nguvu zake zote, na sauti ya mwanamke ikiita aletewe gunia.

"Na ile mashine, baba?"

"Ile," Lazaro akasema, "ile ni ya dizeli."

Sairowua akatazama juu ya ukuta, mahali ambapo moshi ungekuwa. Anga lilikuwa la manyunyu matupu. Akatazama ndani ya chumba, kwenye ule mkeka mmoja mkuukuu, akatazama vile vyumba vingine vitatu na makufuli yake. Mwisho akamtazama mzee aliyesimama mbele yake bila sukari mkononi.

"Ndiyo," akasema taratibu. "Dizeli."

Akainama, akavua katambuga zake, akazifuta tope kwa ncha ya shuka, akazipanga mlangoni, upande wa nje, mahali pa kuonekana.

"Basi nitampigia kesho," akasema, akasukuma kikombe chake mbele. "Chai imebaki?"

Lazaro alisema imebaki, ingawa birika lilikuwa tupu. Kabla ya kwenda kuwasha mkaa alisimama mbele ya zile katambuga, akazihesabu, moja, mbili, midomo ikimcheza.