Betri Mbili na Kichwa cha Baba

Baba alizoea kuwaambia watu kwamba nafanya kazi ofisini. Ofisi yenyewe ilikuwa duka langu la kinyozi kule Bondeni: viti viwili, kioo chenye ufa na mashine mbili za kunyoa. Miaka sita hakuwahi kukanyaga pale. "Msichana kushika vichwa vya wanaume!" alisema siku nilipofungua, na hakuigusia tena. Nami ni mwepesi wa hasira. Niliapa sitambembeleza, lakini roho iliniuma kila mara nilipomsikia akisema "ofisini".

Halafu akapata kiharusi, mkono wa kulia ukalegea, asiweze tena kujinyoa. Siku wageni walipokuwa wanakuja kutoka Longonot kuzungumzia mahari ya mdogo wangu, kichwa chake kilikuwa kichaka. Mama alinipigia simu. Baba amekubali nimnyoe.

Asubuhi hiyo nilichomeka betri ya mashine mpya kwenye chaja ya haraka, ile iliyokuja na mashine ya zamani. Haikuchukua muda, taa ikawa kijani. Nikatia kila kitu kwenye mkoba, hata ile mashine ya zamani ambayo betri yake ilikuwa imeisha, nikaenda nyumbani Lanet.

Nilianza upande wa kushoto. Baba alikuwa amekaza shingo kama anayedungwa sindano. Nilipofika utosini, mashine ikakohoa, ikazima. Wueh! Nusu upara, nusu kichaka.

"Wamefika Gilgil!" mama akaita kutoka jikoni, simu mkononi.

"Lakini taa ilikuwa kijani!" nilifoka, utadhani baba ndiye aliyeichaji.

"Lete hapa," baba alisema. Kabla ya kustaafu alikuwa amefanya kazi kwenye kiwanda cha betri miaka mingi. Aliilaza betri kwenye kiganja cha mkono wake mzima. "Chaja ni ya hii?"

"Ni ya ile ya zamani. Lakini zote si ni za nikeli? Ni kitu kimoja."

"Kitu kimoja! Ng'ombe na mbuzi wote wana pembe."

Akanieleza polepole, maana ulimi ulikuwa bado mzito. Ile ya zamani ina madini ya kadimiamu ndani. Hata ukiichaji kwa haraka hukaa baridi mpaka ikaribie kujaa, ndipo inapata joto. Hii mpya haina kadimiamu; hubeba umeme zaidi, lakini ukiisukuma haraka hupata joto tangu mwanzo. Na chaja yangu hungoja joto ili ijue betri imejaa.

"Imehisi joto, ikadhani imeshiba," alisema. "Umeitoa mezani na njaa. Chomeka ile ya zamani. Haibebi umeme mwingi, lakini kwa haraka hii haitakuangusha."

Tukangoja, yeye na taulo mabegani, mimi nikizunguka chumba.

"Sasa wako Mbaruk!" mama akaita.

"Haraka haraka haina baraka," baba akasema.

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo, baba."

Akacheka, kwa upande ule wa uso uliokuwa bado unaweza kucheka. Nikamuuliza kule kiwandani alikuwa akifanya nini hasa. Akaniangalia kwa mshangao. Haki, nilikuwa sijawahi kumuuliza. Miaka hiyo yote nimenuna kwamba hajali kazi yangu, na yake mimi niliijua jina tu. Alisimulia, na kila baada ya muda akaigusa betri. "Bado baridi." Akaendelea kusimulia. "Bado." Mwishowe akaitikia kwa kichwa chake kilichonyolewa nusu. "Sasa imeanza kupata joto. Njoo umalize."

Safari hii hakukaza shingo. Aliinamisha kichwa mwenyewe, akaniachia. Gari lilipopiga honi getini nilikuwa nikimpangusa kola.

Kwenye mazungumzo, mjomba wa bwana harusi, ambaye alishawahi kuja na kuambiwa habari za ofisi yangu, alimsifu baba. "Mzee, leo umependeza! Kinyozi wako yuko wapi?"

Mama akatazama sakafu. Mimi nilikuwa nimesimama na chupa ya chai.

Baba akajipapasa utosi, taratibu. "Bondeni," alisema. "Ni huyu binti yangu. Kinyozi ni yeye."

Nilirudi jikoni na chupa yangu bila kummiminia mtu chai.