Saa ya Seva ya Koboko

Stella Kiden hutunza seva za barua pepe za shirika letu, na akiwa amezama kazini usimsemeshe. Mimi nakaa mapokezi hapa Arua, hatua nne kutoka mezani kwake, kwa hiyo najua. Siku nyingine zote ana maneno mengi, hasa timu yake ya mpira, Onduparaka, ikishinda.

Tuna seva mbili, moja hapa na moja Koboko, zinazofanya kazi kama moja: barua ikiingia huku, nakala inakwenda kule. Mwezi wa nane barua za Koboko zikaanza kupotea. Mzee Aliga, bosi wetu, akachoka na malalamiko. Akasema Ijumaa ikifika bado zinapotea, seva ya Koboko inafungwa, na Wani anayeiangalia hana kazi tena. Wani alikimbia vita Sudani Kusini, na mshahara huo ndio unaomlisha yeye na wadogo zake. Stella ndiye aliyemfundisha kazi. Aliogopa, wala hakuficha.

Jumatano Stella akaiagiza seva ya Arua iandike kila inachofanya, hatua kwa hatua, badala ya yale mafupi ya “imefika” na “imetumwa”. Akasoma kutwa. Mistari maelfu, kosa hakuna. Nikamwuliza kama riwaya ni tamu. Akanitazama tu, nikarudi kwa wageni wangu.

Alhamisi akajicheka mwenyewe. Kumbe alikuwa anasikiliza upande mmoja wa kesi. Akafungulia kumbukumbu za kina na kule Koboko, akaziweka zote mbili sambamba kwenye skrini. Barua imetoka Koboko saa tatu asubuhi. Imefika Arua papo hapo, lakini kwa saa ya Arua ni saa nne. Seva ya Arua ilikuwa inaiona nakala imechelewa saa nzima, inaitupa. Mistari michache juu yake, upande wa Koboko, imeandikwa wazi: saa ya seva imebadilishwa kwa mkono, na aliyebadilisha ni Wani.

Kicheko kikamwisha. Akaandika ripoti kwamba saa iliharibika yenyewe.

Ijumaa Wani akaja Arua. Hakungoja ripoti isomwe.

“Mzee, ni mimi niligusa hiyo saa,” akamwambia Aliga. “Mama yangu iko Juba, na kule saa iko nyuma ya hapa. Kila siku napiga simu, namukumbusha dawa ya presha. Nilitaka kuona saa yake hapo kwa mashini, nisisahau.”

“Mama anakunywa dawa saa ngapi?” Aliga akauliza.

“Saa mbili asubuhi, ya kule.”

“Basi hapa ni saa tatu. Simu ya ofisi iko, piga. Saa ya mashini usiguse tena.” Kisha akamgeukia Stella. “Na ripoti yako iko wapi?”

Stella alikuwa ameishika mkononi. “Nipe nusu saa, mzee,” akasema. “Nataka kuiandika upya.”