Sufuria Halikohoi

Muhsina alijifunza udereva akiwa tayari ana wajukuu. Tangu mumewe afariki, alikuwa akipika pilau za arusi na za hitima kuanzia kwao Gazi hadi Msambweni, na mara nyingine mpaka bara, Kikoneni. Yeye na wapishi wenzake walikuwa wakisafiri nyuma ya pikapu ya kukodi, wamekalia kuni, leso zimefungwa vichwani, mvua yao, jua lao. Mkubwa wao alikuwa Bi Mbodze, aliyeshinda mbele ya moto wa kuni tangu ujana wake.

Muhsina alipojaliwa uwezo wa kununua gari, shemeji yake Ubeid, fundi wa malori, alikuwa ameshaamua.

"Chukua dizeli, shemeji. Petroli si ya mizigo. Ule mwinuko wa Kikoneni utakuadhiri."

Walikwenda Ukunda kwa muuzaji mmoja aitwaye Kimeu. Alikuwa na vani mbili nyeupe, kuukuu kidogo, zinazofanana kama mapacha. Moja ya dizeli, moja ya petroli.

"Mama, jaribu zote," Kimeu alisema. "Sitaki uje kunilaumu."

Walianza na ile ya dizeli: Ubeid akashika usukani, wakapitia Gazi kupakia masufuria na kuwachukua wapishi. Ilipanda mwinuko wa Kikoneni kama inayokwenda tambarare. Ubeid alikuwa akicheka peke yake kwa raha. Walipofika juu, Bi Mbodze alishuka upesi, akakaa kando ya njia, mkono kifuani, akikohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Ni vumbi tu," alisema.

Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi ile. Vumbi halikuwapo. Injini ya vani hizo imekaa chini ya viti vya mbele, na harufu ya moshi ilikuwa imejaa ndani.

Ile ya petroli ilipanda kwa kuugua, hata bodaboda iliyobeba magunia mawili ya mahindi ikawapita. Ubeid alitikisa kichwa. Lakini Muhsina alipogeuka nyuma, Bi Mbodze alikuwa amelala, kichwa kimeegemea kioo.

Waliporudi Gazi, mabishano yalianza.

"Unanunua gari la kazi au kitanda cha Bi Mbodze?" Ubeid aliuliza.

"Sufuria halikohoi, shemeji."

"Nitasafisha nozeli za mafuta, nitaziba pale chini ya viti. Moshi utapungua."

"Utapungua. Je, utakwisha?"

Ubeid alikuwa fundi mkweli. Hakuweza kuahidi hilo; aliondoka bila kugusa kahawa aliyotengewa.

Muhsina alinunua ya petroli.

Kwa arusi za karibu gari lilifaa kabisa. Kisha wakaitwa Kikoneni, kwa Kaindi, aliyekuwa akimwoza binti yake. Njia ilikuwa tope. Katikati ya mwinuko gari lilizimika, likawashwa, likazimika tena, na harufu ya klachi inayoungua ikaenea. Wanawake walishuka, wakajitwika masufuria na kuanza kupanda kwa miguu. Muhsina, uso umemshuka, alimpigia Ubeid simu.

Alikuja na lori la dizeli la rafiki yake. Muhsina alisubiri maneno. Ubeid alipakia masufuria na mchele kwenye lori, kisha akamwambia, "Wachukue wenzako. Mzigo umepungua, sasa litapanda." Nalo likapanda.

Wageni walikula wamechelewa sana. Kaindi hakuficha hasira zake. "Wazee wengine wamerudi kwao na njaa, mama. Katika arusi ya mtoto wangu!" Muhsina aliomba radhi, wala hakujitetea.

Kesho yake alimfuata Ubeid gereji.

"Haya, shemeji. Sema ulilotaka kusema jana."

Ubeid alifuta mikono kwa kitambaa, taratibu.

"Nilikuwa nalo, tena refu. Lakini nilipofika nilimkuta Bi Mbodze katikati ya mlima na sufuria kichwani, hawezi kupiga hatua kwa kukosa pumzi. Sikujua kwamba amefikia hali ile. Nilidhani unamdekeza."

Muhsina alijibu, "Nami nilidhani unataka ushindi tu. Kumbe mlima ulikuwa kweli mlima."

Siku hizi kazi ya Kikoneni ikija, masufuria hutangulia kwa lile lori la dizeli, Ubeid akiwa ndani yake, na wapishi hufuata kwa vani. Kaindi hajawaita tena, ila dada yake amewaita. Bi Mbodze hukaa kiti cha mbele, kando ya Muhsina anayeendesha, na kazi ya kuongoza dereva amejipa mwenyewe.

"Punguza mwendo, mwanangu, pale kuna shimo."

"Nimeliona, bibi."

"Umeliona, lakini hujapunguza."