Nyaya Tano za Wodi ya Kina Mama

Mimi ni mtu wa hasira za karibu na sijawahi kulificha jambo hilo. Siku nilipoletewa barua ya kujieleza kwa nini nisichukuliwe hatua za nidhamu, niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni pa karakana ya hospitali yetu ndogo pale Kitale, nikaikunja, nikaitia mfukoni, nikarudi kwenye kazi yangu. Kosa langu lilikuwa kufungua mashine tano na kuzibadilisha bila ruhusa. Mimi niliona nilistahili kupongezwa.

Mashine zenyewe zilikuwa za msaada kutoka ng'ambo. Kila moja ilikaa kando ya kitanda cha mgonjwa, kioo chake kikionyesha mpigo wa moyo, presha na hewa iliyo kwenye damu, na mgonjwa akavalishwa kibanio kidoleni. Hesabu zikienda vibaya, au kibanio kikitoka, kengele ililia mpaka watu wa getini wakasikia. Katika wodi ambayo sista mmoja alihudumia vitanda vya pande zote mbili peke yake, tuliona tumepata mkombozi.

Sasa sikiliza tulichofanya. Tuliwavalisha wagonjwa kibanio mkono wa kulia. Sista, daktari mkuu, mimi fundi, wote tumezaliwa na kulelewa huku, na hakuna aliyejiuliza mtu huku anakula ugali kwa mkono gani.

Siku ya kwanza, saa ya chakula cha mchana, mama mmoja mzee wa Mabanga, kule karibu na Bungoma, aliletewa ugali na kuku na binti yake. Akavua kibanio, akanawa, akaanza kula. Mashine haikupata mpigo wowote, ikapiga kengele. Binti alikuwa nje kwenye mfereji akisuuza kikombe. Alisikia ile kelele, akamwona sista akikimbia, akajitupa chini akalia kilio cha msiba. Simu za mkono zilikuwa zimeshaingia kila mahali, kwa hiyo kabla sista hajaizima kengele, habari zilikuwa zimefika Mabanga. Jua halijatua, wanawe wakaingia getini na pikapu, na ndani ya pikapu jeneza.

Mama aliliona kupitia dirishani.

"Mmereta sanduku ya nani hapa?" akauliza. "Basi mimi sitoki hapa mpaka iende."

Jeneza likarudishwa, lakini mji mzima ulitucheka. Daktari mkuu akaamuru mashine zote zizimwe na zipelekwe stoo.

Sista wa wodi alinifuata karakana. Alikuwa mwanamke mpole ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti. "Fundi, hizi mashine zikiingia stoo hazitatoka," alisema. "Mwezi uliopita tulipoteza mama kitanda cha pili, mimi nikiwa kitanda cha mwisho. Sikujua. Si uzifunze adabu tu?"

Nikazifunza. Nilitoa sauti ya kengele kando ya kitanda nikaipeleka kwa waya ukutani mpaka mezani pa sista, na kila kitanda nikakiwekea taa yake hapo mezani. Mgonjwa akabaki na taa ndogo tu pembeni yake. Kibanio tukakihamishia mkono wa kushoto, jambo ambalo halikuhitaji fundi. Niliona raha sana kazi ilipokwisha. Kisha daktari mkuu akajua, na barua ikaja. Ilisema mashine iliyobadilishwa ndani si ile tena iliyopewa kibali, na haitamgusa mgonjwa mpaka wakaguzi wa Nairobi waipime na kuipitisha. Wakiikataa, mashine zitaharibiwa, nami nitafute kazi kwingine.

Mkaguzi aliyekuja alikuwa mwanamke mfupi wa miwani, amevaa viatu vya raba. Akaniomba michoro ya kazi yangu. Nikamwambia iko kichwani. Hakucheka. Akajivalisha kibanio kidoleni, akakivua, taa na kengele ya mezani zikaitikia, nami nikatabasamu. Halafu akainama, akaushika waya wangu pale ukutani, akauvuta ukachomoka. Akakivaa kibanio tena, akakivua mara ya pili. Kimya.

"Fundi, hapa mgonjwa amekufa," akasema. "Nani amejua?"

"Na nani atavuta waya, madam?" Nilimjibu vibaya, nakiri.

Akanyoosha kidole. Mama wa usafi alikuwa anakuja na ufagio wake wa maji, anausukuma chini ya vitanda, kila waya anaoukuta anauzoa pamoja na maji. Nilikwenda karakana nikapiga ndoo teke. Hasira yangu ilidumu mpaka chai ya saa kumi, halafu nikamkumbuka mama wa kitanda cha pili, na hasira yote ikanigeukia mwenyewe. Yule mwanamke alikuwa amesema kweli. Nilikuwa nimetengeneza kitu cha kuua watu kimya kimya, na nilikuwa nakionea fahari.

Mkaguzi alitupatia mwezi mmoja wa kurekebisha, na ruhusa ya kuzijaribu mashine kwa wagonjwa watakaokubali. Nilisafiri hadi Bungoma kwa fundi mwenzangu wa hospitali nyingine, akaniazima kifaa cha kupima umeme unaovuja, na masimango juu yake. "Ati wewe ndio ule wa jeneza?" akaniuliza mbele ya watu wote. Nikavumilia. Nilichora michoro kwa rula kama mwanafunzi. Sista naye, kila zamu, alihesabu mpigo wa kila mgonjwa aliyekubali kujaribiwa, kwa vidole na saa ya mkononi, akapima presha kwa ile pampu ya zamani, akaandika hesabu zake kando ya hesabu za mashine. Daftari likajaa. Mimi nikapata dawa ya waya: nikairudisha kengele kitandani, lakini inanyamaza tu maadamu umeme unafika kutoka mezani kwa sista. Waya ukikatika, kengele ya kitandani inajipigia yenyewe.

Mkaguzi aliporudi, alisoma daftari ukurasa kwa ukurasa, akapima kila alichotaka kupima. Kisha akaenda moja kwa moja ukutani, akavuta waya. Kengele ikalia wodi nzima. Nilitazama mlangoni nikingoja vilio.

"Madam, rudisha hiyo waya bana!" mwanamke aliyekuja kumwona dada yake akamkaripia. "Hiyo ni mashine inalia. Mtu wetu ako sawa."

Sista alikuwa amewafundisha ndugu wote maana ya kengele, mmoja mmoja, tangu mlangoni. Mkaguzi akacheka, nami nikamtazama sista kwa fahari ambayo sijaipata tena kazini.

Tulikwenda ofisini. Daktari mkuu, uso wote furaha, akaniambia ile barua ya kujieleza nimrudishie tu, yaishe. Nikamwambia imepotea. Ilikuwa mfukoni. Ninayo hadi leo.

Mkaguzi akatoa fomu ya kibali, akaijaza mpaka akafika mstari wa mwisho, wa aliyefanya mabadiliko.

"Niandike hospitali ama niandike wewe?"

"Mimi," nikasema, kifua mbele.

"Ukiandika jina lako, siku moja ikinyamaza mtu akafa, ni wewe nitakuja kutafuta. Si hospitali."

Daktari mkuu alinisukumia kalamu. Niliitazama, nikaiacha mezani, nikawaomba wanisubiri kidogo. Nilirudi wodini, nikavuta waya wa kitanda cha kwanza, kengele ikalia, nikaurudisha. Nikauvuta wa kitanda cha pili, nikaisikiliza kengele yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Wa tatu, wa nne, wa tano. Kengele zote zililia.

Ndipo nikarudi ofisini nikatia sahihi.