Mambo Matatu Mema ya Bulandina

Bulandina amechambua kahawa pamoja nasi hapa Bwera miaka kumi na tisa. Zamani mmoja wetu akifiwa, tulifunga ghala, tukapanda naye mlimani kuzika. Jumatatu hii Bulandina alifiwa na kaka yake huko Kyondo, mlimani. Siku hiyo mkufunzi aliyeletwa na wenye ghala alikuwa anatufundisha kuwa timu yenye moyo wa furaha.

"Mwalimu, naomba ruhusa nikazike."

"Kwanza andika mambo matatu mema ya wiki hii, mama, kama wenzako."

Akaandika, akatusomea: "Kaka hakuteseka. Mvua haijanyesha, kaburi litachimbika. Wenzangu watakuja."

Mkufunzi akapiga makofi. Nasi tukapiga.

Bulandina alisimama kidogo mlangoni akitungoja, kisha akaenda peke yake. Mimi nilikuwa nimebakiza jambo la tatu, nikainama kuliandika.