Nilivyoisafisha picha ya ndoa ya Bi Zaina mpaka ikakataliwa

Wakuu, poleni na majukumu.

Hili jambo limenikaa kifuani tangu mwezi uliopita na nimechoka kulibeba peke yangu. Majina nimebadili, mengine yote ni kama yalivyotokea. Sijipambi, mtaona wenyewe.

Nina kibanda cha picha hapa Ujiji. Passport size, photocopy, na kazi moja ambayo wengi hawaijui: nascan negative za zamani, zile za kamera za mkanda, halafu nazisafisha kwenye kompyuta. Vumbi, mikwaruzo, ukungu. Unakaa umeinama siku nzima unafuta kidoa kimoja kimoja. Shingo yangu siku hizi haigeuki vizuri upande wa kushoto.

Sasa akaja Bi Zaina, mchana, kajifunika; mjane aliye eda hutoka kwa haja tu, na hii ilikuwa haja.

Huyu mama asili yake ni ng'ambo, Kongo. Alivuka ziwa akiwa binti, akaolewa hapa na Mzee Ramadhani kama mke wa pili. Mke wa kwanza alishatangulia zamani. Mzee naye kafariki mwaka huu, na matanga hayajaisha vizuri, watoto wa yule mke wa kwanza wakaanza kusema baba yao hakuwahi kumuoa huyu mama, alikaa naye tu.

Cheti hakuna. Mashahidi wote wako makaburini.

Alichobaki nacho ni negative moja ndani ya kopo la maziwa ya unga. Ni siku ya ndoa: yeye kajitanda, mzee kavaa kanzu na joho, shehe kasimama nyuma yao. Idi, mtoto mkubwa wa marehemu, alikuwa amesema kama kuna picha iletwe kwenye kikao cha familia, ataitazama kwa haki.

Wanasheria wa humu, najua mnataka kuniambia kwamba kuishi pamoja miaka yote hiyo kunahesabika kama ndoa. Nilimwambia. Akanijibu hivi:

"Baba, mimi sitafuti nyumba. Nataka waseme nilikuwa mke wa baba yao. Waseme kwa mdomo, basi."

Nikapokea kazi.

Ile negative ilikuwa na hali mbaya, ukungu umeitambaa kama mizizi ya ukoka. Nikaiscan mara moja, ikatoka chafu. Ujuaji ukanipanda. Nikasema ngoja niifute kwanza kwa pamba na maji kidogo, niscan upya.

Wakuu, filamu iliyoliwa na ukungu haiguswi na maji. Ule utando wenye picha uliondoka na pamba. Nikabaki nimeshika kipande cha plastiki kinachong'aa, nikakaa chini.

Sikumwambia mtu. Nilijifariji kwamba scan ninayo.

Nikaanza kufuta vumbi. Umeme wa huku mnaujua, ukikatika unaondoka na jasho lako. Kwa hiyo mkono wangu una tabia ya kubonyeza save kila baada ya dakika mbili, palepale, juu ya faili lilelile. Siku ya tatu picha inapendeza, na ile scan ya mwanzo haipo tena popote duniani.

Likabaki shavu la mzee, na sikio. Ukungu ulikuwa umevila vyote.

Sisi wa studio tuna kamchezo ketu, tunaazima. Kompyuta yangu ina passport za nusu ya Ujiji. Idi na marehemu baba yake wanafanana kama shilingi kwa ya pili, na Idi nilishampiga passport. Nikachukua shavu lake na sikio lake, nikamvisha mzee. Ukishakuwa umezoom kiasi kile unaona vidoa tu, mtu humuoni.

Bi Zaina alipoiona alilia. Akasema ndiye huyu. Nami nikajiona fundi.

Kikao kilikuwa Buzebazeba, nyumbani kwa marehemu, baada ya Alasiri. Niliitwa nieleze picha imetoka wapi. Ikapita mkono kwa mkono. Dada yao mmoja akakiri kabisa kwamba shehe huyu anamkumbuka. Nikapumua.

Ikafika kwa Idi. Akavaa miwani. Akaitazama muda mrefu, kisha akajishika sikio. Lina mpasuko mdogo juu, ndoano ilimnasa utotoni wakivua.

"Hili sikio ni langu," akasema.

Hakuna aliyecheka. Akaniuliza taratibu, na natamani angefoka, ni nini kingine nimeweka. Nikasema shavu. Akauliza tena. Nikasema kola ya kanzu, na bega la shehe kidogo, hivyo niliviziba mapema kabla ya sikio. Akauliza, shehe mwenyewe alikuwepo? Nikaapa kwamba alikuwepo. Akasema basi tuonyeshe ya mwanzo.

Nikatoa ile plastiki mfukoni. Nyeupe pe.

Kila nilichojibu kilikuwa kweli, na kila jibu lilikuwa linamvua yule mama kitu mbele yangu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Idi akailaza picha kifudifudi mkekani. Akasema mama atabaki na chumba chake, hakuna wa kumfukuza, ila jina la mke hawawezi kulitoa kwa picha ya kutengenezwa. Akaongeza kwamba hata ile eda aliyokuwa anakaa, miezi minne na siku kumi ya mjane, hana haja ya kuimaliza. Nadhani hakusema kwa ubaya.

Wiki iliyofuata nilienda kuomba radhi. Nikapiga hodi mlangoni kwake. Sauti ikanijia nyuma ya pazia, niseme nikiwa hukohuko nje.

Nikasema yote, la pamba, la sikio. Akasema:

"Nimekusamehe, baba. Ila siwezi kukukaribisha ndani. Niko eda ya mume wangu."

Nilirudi kwa miguu mpaka kibandani.

Somo nililopata, wakuu: scan ya kwanza iweke pembeni isiguswe hata kama una haraka, na faili la kazi liwe lingine. Na picha inayoenda kusimama ushahidi, iache na vumbi lake. Uchafu wake ndio umri wake. Kuazima sikio la mtu nimeacha.

Ninachowauliza ni kimoja. Mngekuwa nyie pale mkekani, mngesema ukweli wote kama mimi, au mngeishia kwenye sikio? Na kama kuna mwenye njia ya kumfikia Idi moyoni, aniambie. Hata wa kunitukana karibuni, nitasoma.

Bi Zaina zimembakia siku kumi na tisa za eda. Hakuna anayemhesabia pale nyumbani, kwa hiyo nahesabu mimi.